Saratani ya Utumbo Mpana: Tumbo Lifunguliwe au Litobolewe?

Mtu wa Buzebazeba akiambiwa ana saratani ya utumbo mpana na ni lazima apasuliwe, huuliza kwanza kama atapona. Kisha huuliza atarudi lini kazini. Maswali yote mawili yamefanyiwa utafiti mkubwa, na majibu yake yanatuhusu sisi wa Kigoma.

Njia ya zamani ni kufungua tumbo kwa mkato mrefu. Njia mpya ni upasuaji wa matundu madogo: mgonjwa hulazwa usingizi, tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili liinuke, kisha kamera nyembamba na vifaa virefu hupitishwa kwenye matundu machache. Daktari hufanya kazi akitazama skrini, na mwishoni hukata mkato mmoja mfupi wa kutolea kipande chenye uvimbe. Ndani kazi ni ile ile: kuondoa sehemu inayougua pamoja na tezi zake, na mara nyingi kuziunganisha ncha zilizobaki.

Njia hii ilipoanza kutumika kwa utumbo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilitoka taarifa za saratani kuota upya kwenye makovu ya matundu. Madaktari wengi waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Kwa hiyo walipima. Huko Marekani na Kanada wagonjwa 872 katika hospitali 48 walipangiwa njia kwa kura. Kura ina maana kubwa hapa, kwa sababu daktari akiachiwa kuchagua, wenye nguvu wataangukia upande mmoja na wadhaifu upande mwingine, na ulinganisho utakuwa wa uongo.

Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Baada ya miaka 3, saratani ilikuwa imerudi kwa wagonjwa 16 katika kila 100 waliotobolewa matundu, na 18 katika kila 100 waliofunguliwa tumbo. Waliokuwa hai walikuwa 86 na 85 katika kila 100. Tofauti hizo ni ndogo mno kutangaza mshindi. Saratani ya kwenye kovu haikufika hata mgonjwa 1 katika 100, kwa njia zote mbili. Majaribio ya Uingereza na nchi nyingine za Ulaya yalifikia jibu linalofanana.

Faida ilionekana katika nafuu. Waliotobolewa walikaa hospitali siku 5 badala ya 6, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa muda mfupi zaidi. Siku moja inaweza kuonekana si kitu. Lakini mvuvi wa dagaa wa Kibirizi huvua wakati wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa hupumzika; akikosa giza moja, amekosa pato la mwezi mzima. Kovu refu la tumbo halitaki kuharakishwa. Anayewahi kuvuta nyavu, au kubeba madumu ya mawese, anaweza kupata ngiri palepale penye kovu. Kwake kidonda kidogo ni jambo la riziki.

Hata hivyo tusiipambe njia hii. Upasuaji wenyewe ulichukua dakika 150 badala ya 95. Mgonjwa 1 kati ya 5 alianza na matundu akaishia kufunguliwa tumbo, na huo ni uamuzi wa busara daktari anapoona hatari. Madaktari walioshiriki walitakiwa wawe wamefanya upasuaji wa aina hiyo mara 20 au zaidi, kwa hiyo matokeo yale ni ya mikono iliyozoea. Kwa saratani ya puru, kule chini ambako nafasi ni finyu, majaribio mawili ya mwaka 2015 hayakuweza kuthibitisha kwamba matundu madogo yanaondoa uvimbe kwa usafi ule ule.

Hapa nchini zipo hospitali kubwa zinazofanya upasuaji wa matundu madogo, Muhimbili ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Upasuaji huo unahitaji umeme usioyumba, vifaa ghali na timu iliyofunzwa. Kinachotuumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchelewa. Damu kwenye choo kikubwa husemwa ni bawasiri, au kichocho, ugonjwa uliopo kweli kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, na mgonjwa hunywa dawa hii na ile huku uvimbe ukikua. Uvimbe uliokwisha kusambaa kwenye ini hauondoki kwa sababu tundu lilikuwa dogo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona damu inayorudi kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, au unapungua uzito na kuishiwa damu bila sababu, nenda kituo cha afya na uombe kuchunguzwa. Kutoka hapo rufaa ya kwenda hospitali yetu ya mkoa, Maweni, si safari ndefu. Na ukipangiwa tarehe ya upasuaji wa kufungua tumbo, usiiahirishe kwa kungoja ule wa matundu. Nafasi ya kupona ni ile ile.