Yoga humfunza mtu kuisikia hasira kabla haijamtawala

DEREVA mmoja wa matatu za Likoni na Ukunda alinijia hapa Waa akilalamikia kuumwa na kichwa na kukosa usingizi. Presha yake ilikuwa 160/100. Nilipomwuliza kuhusu hasira, alicheka. "Daktari, mimi hujua nimekasirika nikiwa nishatukana."

Wengi wetu tuko hivyo. Ilhali kabla ya tusi kutoka, mwili huwa umetoa ishara: moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, taya na mabega hukaza. Shida ni kwamba hatuzisikii.

Yoga, mazoezi yenye asili ya India, hutufunza kuzisikia. Si kujikunja tu, wala si ya watalii wa Diani pekee. Shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 2007, limewafunza vijana wengi kuwa walimu. Katika kila zoezi mtu hujiuliza: napumua vipi? Ni wapi panapokaza? Anayejiuliza hivyo kila siku huzoea, na hatimaye hujiuliza hata akiwa kwenye foleni ya feri.

Hapo ndipo kujitambua huzaa kujizuia. Ukitoa pumzi polepole, mshipa wa fahamu uitwao vegasi, utokao ubongoni hadi moyoni na tumboni, huupunguzia moyo kasi. Unapata nafasi ya kuchagua la kusema. Utafiti pia umeonyesha kuwa yoga ya mara kwa mara huweza kupunguza wasiwasi na kushusha presha kidogo.

Anza hivi: keti wima, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika 5, asubuhi na jioni. Waumini wanaosita kwa sababu ya asili ya yoga wajue kwamba zoezi hili halina maombi yoyote ndani yake.

Tahadhari: wenye presha au glakoma wasisimame kwa kichwa wala kubana pumzi kwa muda mrefu. Waja wazito wamwone daktari kwanza. Na yoga si badala ya dawa; anayeacha vidonge vya presha anajiweka katika hatari ya kupooza.

Dereva wetu anaendelea kumeza vidonge vyake, na presha imeshuka. Hasira bado humjia. "Lakini siku hizi," aliniambia, "naisikia ikiwa ingali njiani."