Alimpiga mwalimu, halafu anasema hakumbuki: kifafa mbele ya hakimu

Tuanze na mfano wa kubuni. Mvulana wa miaka 16, kidato cha pili, sekondari moja ya Korogwe vijijini. Saa nne asubuhi anaanguka darasani, anatetemeka kama dakika mbili, anatulia. Baada ya muda anainuka, macho yako wazi, anaelekea mlangoni na haitiki akiitwa jina. Mwalimu anamkamata mabega asije akajiumiza. Kijana anarusha mkono, mwalimu anang'oka jino. Jioni mwalimu ana PF3 mkononi, na kijana yuko kituoni kwa tuhuma ya shambulio la kudhuru mwili. Akiulizwa kwa nini alimpiga mwalimu wake, jibu lake ni moja tu: "Sikumbuki."

Unamteteaje?

Wengi watakwambia: ni mtoto, tena ni mgonjwa, asamehewe. Huruma ni kitu kizuri ila haijibu hati ya mashtaka, na umri nao haumwokoi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15, inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai. Aliye chini ya miaka 12 hana pia, mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kufanya vile. Huyu wetu ana 16. Anashtakiwa, ingawa katika mahakama ya watoto, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 119, inakataza asifungwe jela, lakini anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, na ile ya Irambo iko Mbeya. Hebu piga hesabu ya nauli kutoka Korogwe, kisha jiulize nani atamfuatilia dawa zake huko.

Kwa hiyo utetezi uanzie kwenye ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo mdogo, kila moja kwa zamu yake. Kifafa kinapopiga, kundi kubwa la seli hufyatuka kwa pamoja. Dhoruba ikipita, ubongo haurudi kazini wote kwa mara moja. Kwa dakika kadhaa, wakati mwingine nusu saa au zaidi, mtu anaweza kusimama, kutembea, kuchezea vifungo vya shati, kutafuna bila chakula, huku sehemu zinazotambua sura za watu, kupanga na kutunza kumbukumbu zikiwa bado zimelala. Ukimshika kwa nguvu wakati huo atajinasua, na hapo ndipo mkono unaporuka.

Ukali wa namna hii una alama zake. Hauna maandalizi. Hautafuti jiwe wala fimbo. Humpata aliye karibu, mara nyingi yule yule aliyemshika, na hupoa akiachiwa. Ngumi ya kisasi ina mlengwa na ina sababu, na mpigaji huweza kukueleza sababu hiyo. Basi maswali ya kuwauliza mashahidi yanakuwa mepesi: nani alimgusa mwenzake kwanza? Kijana alikuwa anaitika? Baadaye alilala, au alikimbia? Wanafunzi wa dawati la nyuma wanaweza kuwa mashahidi wazuri kuliko mtaalamu yeyote, mradi waulizwe mapema kabla hadithi haijazunguka shule nzima. Na isieleweke vibaya: wenye kifafa walio wengi hawampigi mtu maisha yao yote.

Ile "sikumbuki" inayosikika kituoni kama ujeuri ni dalili, tena ya kutarajiwa. Jambo jingine, kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi kabisa siku ambayo mtu hana kifafa. Upande wa mashtaka ukikipunga kile kikaratasi kama ushahidi wa uongo, wakili aliyejiandaa atalijua jibu.

Kwa nini nimechagua Korogwe? Kwa sababu ya malaria. Ni eneo lililochunguzwa sana kwa ugonjwa huo, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo pale. Malaria ikipanda kichwani kwa mtoto, kupona homa si mwisho wa habari. Watafiti wa Blantyre, Malawi, walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kuwafuatilia watoto 132 walionusurika malaria ya ubongo: 12 walipata kifafa. Katika kundi la kulinganisha la watoto 264 hakupata hata mmoja. Wengine wa kundi la kwanza walibaki na ulemavu mwingine, na matatizo ya tabia pia yalijitokeza. Yaani "utundu" unaomfikisha mwanafunzi ofisini kwa mkuu wa shule unaweza kuwa ulianzia kwenye degedege la miaka kumi na miwili nyuma, ambalo nyumbani liliitwa ndege mbaya, likaogeshwa dawa za mitishamba, na halikuandikwa popote.

Sasa kwenye mtego. Uingereza, mtu aitwaye Sullivan alimpiga teke mzee wakati akizindukana kutoka kwenye kifafa. Majaji hawakubisha kwamba hakujua alichokuwa akifanya. Ila walisema, mwaka 1983, kwamba kwa macho ya sheria hali hiyo ni wendawazimu. Yeye alikuwa ameshakiri kosa, maana kukiri kulikuwa na unafuu kuliko kuachiwa kwa jina hilo.

Kwetu, kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinamwondolea hatia mtu ambaye, kwa ugonjwa unaoathiri akili, hakuelewa anachofanya, hakujua kuwa hakupaswa kukifanya, au hakuweza kujizuia. Kinamtosha kijana wetu vizuri, hadi usome Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: anayeonekana hana hatia kwa njia hiyo haendi nyumbani moja kwa moja. Anawekwa kizuizini kama mgonjwa wa akili mhalifu, na Isanga, Dodoma, si mahali pa mtoto wa kidato cha pili. Tena mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake.

Ndiyo maana mimi ningeanza na mlango mwingine wa sheria hiyo hiyo: tendo lililofanyika bila utashi wa mtendaji si jinai. Hapo upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuonyesha kwamba ule mkono ulirushwa kwa kukusudia. Hakimu anaweza kukurudisha kwenye kifungu cha 13, sikatai, lakini usimpeleke huko mwenyewe.

Kazi ya kwanza, kabla hata ya wakili, ni karatasi. Kadi ya kliniki, tarehe za dawa, siku zilizopita bila dawa kwa kuwa zahanati haikuwa nazo. Wilaya hii ina bahati moja: Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani na mwaka 1904 ikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, inayotajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki, iko huko huko milimani Korogwe. Kama kijana ana faili popote, litafutwe wiki ya kwanza. Kama hana, apimwe sasa, na mzazi aandike kila kifafa anachokikumbuka, na nani alikuwepo.