Kulegeza nati si kuifungua

Kunakshi ni kuchora kwa kukata. Fundi anayenakshi pete au mbao kwa mashine ya mkononi hubadilisha ncha mara kwa mara, na hapo ndipo vitenzi vyetu hupimwa. Ncha hushikwa na koleti, yaani kibomba kifupi chenye mipasuo kinachobanwa na nati. Shina la milimita 2.35 haliwezi kutulia katika koleti ya milimita 3.2.

Sasa, mwanafunzi akiambiwa 'fungua nati', aghalabu ataitoa yote, koleti idondoke. Kumbe alitakiwa kuilegeza tu! Kiswahili kina kauli ya kutendua: 'funga' huzaa 'fungua', 'chomeka' huzaa 'chomoa'. Lakini 'kaza' haizai 'kazua'. Kinyume chake ni 'legeza'.

Basi maagizo bora ni haya: zima mashine, chomoa plagi, legeza nati, toa ncha, chomeka nyingine hadi ndani, kaza. Ole wake anayelisahau neno hilo la mwisho. Ncha isiyokazwa huchomoka mashine inapozunguka, nayo haichagui jicho la mwalimu wala la mwanafunzi.