Ndoo ya Nanasi Chini ya Kitanda

Bumu likishakata na wikiendi ikikaribia, lazima kuna chumba kimoja hosteli kinachoanza kunukia mkate na matunda. Tunavijua vyumba hivyo. Nanasi, sukari, hamira ya dukani, maji, ndoo. Siku nne au tano baadaye watu wanaitana. Sheria za hosteli zinasemaje, hilo unalijua. Mimi nataka kueleza kinachotokea mle ndani, kwa sababu wengi wetu tunaogopa visivyo na shida na kupuuza vyenye shida.

Hamira ni viumbe hai. Wanakula sukari, wanatoa kileo pamoja na gesi, ileile inayoumua mandazi. Ndiyo maana chupa ya kioo iliyofungwa kwa nguvu ikiwa bado inachachuka inaweza kupasuka kama bomu. Ndoo iliyofunikwa kitambaa safi haina tatizo hilo, ila hewa ikiingia sana utaishia kupata siki. Na jamani, ndoo iliyowahi kubeba rangi ya nyumba si chombo cha kinywaji, hata uisugue vipi.

Sasa hesabu. Kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita moja, zikichachuka zote, zinatoa kileo cha asilimia 1. Juisi ya nanasi yenyewe ina gramu 100 na ushee kwa lita, kwa hiyo inafika kama asilimia 6, juu kidogo ya bia ya kawaida. Mwana anaongeza nusu kilo ya sukari kwenye juisi ya lita 5 "ili ikolee". Hizo ni gramu 100 nyingine kwa kila lita. Mmeshafika karibu na 12. Kikombe cha nusu lita hapo kina kileo cha bia kubwa mbili na zaidi, na bado kinanukia nanasi. Mtu anakunywa vitatu kama anavyokunywa juisi, anazimika, kesho yake wanasema aliwekewa kitu. Hakuwekewa kitu.

Mbege ya Kilimanjaro haikufikishi huko haraka. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha zinachanganywa na uji wa ulezi ulioota. Ni nzito, inashibisha, na isiponyweka mapema inakuwa chachu mno. Tumbo linajaa kabla kichwa hakijajaa.

Gongo ni habari nyingine. Pale pombe inachemshwa na mvuke wake kukusanywa, kwa hiyo ukali unapanda mara nyingi, na bila leseni ni kosa la jinai. Lakini vifo vya halaiki tunavyosikia mara nyingi vinatokana na methanoli, kileo cha viwandani ambacho muuzaji anakitia ili mzigo uongezeke. Mei 2014 nchini Kenya, Embu na Kiambu zikiwemo, watu zaidi ya 80 walikufa kwa pombe ya namna hiyo na wengine wakapofuka. Ndoo ya matunda haizalishi methanoli ya kiasi hicho. Chupa isiyo na lebo inayoletwa na rafiki wa rafiki inaweza kuwa nayo, na huwezi kuijua kwa kuonja, kunusa, wala kuiwasha kiberiti.

Ubaya wa methanoli ni kwamba inachelewa. Mwili unaigeuza polepole kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho, hivyo mtu anaweza kulala akiwa amelewa tu, na baada ya saa 12 au 24 akaanza kuona ukungu, kutapika na kuhema kwa kasi. Watu wanasema ni hangova, wanampa supu. Hospitali wanaweza kuizuia isigeuke na wakasafisha damu, ila wanahitaji muda. Kwa hiyo mpelekeni mara tu anapolalamika macho, mwambieni daktari alikunywa nini na saa ngapi, na kama chupa ina masalia, nendeni nayo.