Mbuzi za jirani zimekula maharagi: utaenda tribinali?

Ndugu mukulima, sheria iko upande wako. Katika Code civil yetu, artikle 261, mwenye nyama ndiye anajibu juu ya hasara yenye nyama yake imeleta, hata kama ilitoroka. Lakini mbele ya kushtaki, fanya hesabu.

1. Pima hasara siku ile ile, pamoja na jirani na chefu wa kijiji. Tuseme ari 4 zimeharibika. Kama shamba lako linatoaka kilo 8 kwa ari moja, umepoteza kilo 32. Zidisha na bei ya soko.

2. Andika garama za tribinali de paix: feza ya kuweka kwa grefe, moto ya kwenda na kurudi, chakula cha mashahidi, na siku zenye hautalima. Kesi inaweza kuahirishwa mara nyingi, na majani haingojei.

3. Jiulize: jirani iko na kitu cha kulipa? Kama hana, karatasi ya hukumu haitalisha watoto.

Garama ikipita hasara, mupatane: atarudisha kilo ngapi, tarehe gani, na mbuzi zitafungwa wapi. Muandike, musaini pamoja na mashahidi wawili, kila mutu abaki na kopi.

Tribinali ibaki kwa mambo makubwa: mupaka wa shamba la kahawa, ao jirani mwenye anakana kila kitu na anarudilia. Hapo ile karatasi ya vipimo ndiyo itasema kwa ajili yako.