Pazia, Gunia na Ufunguo wa Choo



Jumuiya ikitangaziwa kwamba wiki hii sala ni nyumbani kwako, kazi huanza mapema. Uwanja unafagiliwa, sakafu inapigwa deki, vitambaa vya makochi vinafuliwa na kunyooshwa. Wageni wanapobisha hodi wanaikuta nyumba inang'aa. Lakini kabla hawajaketi, kila mmoja wao amekwisha kukanyaga gunia la mlangoni, ameshika komeo, na amesogeza pazia kwa mkono. Vitu hivyo vitatu mara nyingi havikuguswa na maji wiki ile, wala mwezi ule. Mwezi huu ningependa tuvitazame, pamoja na kimoja cha nne ambacho wengi hawakifikirii kabisa, nacho ni ufunguo wa choo.

Sisi wakazi wa Elerai tunaujua udongo wetu. Ni udongo wa volkano ya Mlima Meru. Wakati wa kiangazi ni vumbi linaloingia mpaka kabatini, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni tope linalong'ang'ania kiatu. Ndiyo maana tunatandika gunia, au sweta kuukuu, mbele ya mlango ili watu wafute miguu. Jambo jema. Tatizo ni kwamba likishatandikwa linasahauliwa hapo, limelowa, mpaka mvua ziishe.

Udongo uliochanganyika na kinyesi cha binadamu, kwa mfano pale ambapo vyoo hufurika wakati wa mvua au watoto hujisaidia nyuma ya nyumba, huwa na mayai ya minyoo ya tumbo. Yai la mnyoo mrefu wa tumboni haliwezi kumwambukiza mtu siku ileile linapotoka. Linahitaji kukaa wiki 2 hadi 4 mahali penye unyevu na joto la wastani. Sasa jiulize gunia lako limekaa hapo kwa wiki ngapi. Tena, dawa za klorini kama Jik haziliui yai hilo. Kinacholiua ni maji yanayochemka na jua kali. Kwa hiyo yafaa kuwa na magunia mawili. Moja linapokuwa mlangoni, jingine limemwagiwa maji yanayochemka, limefuliwa kwa sabuni na limeanikwa juani mpaka limekauka kabisa. Kulikung'uta tu ukutani hakutoshi, na anayelikung'utia penye uwanja wa watoto anawatia taabuni.

Viatu navyo visipangwe nyuma ya mlango ndani ya chumba ambacho mtoto anatambaa. Kwangua tope kwa kijiti nje, kisha viweke juu ya ubao au kreti, mahali asipofika.

Nyumba zenye sakafu ya udongo zina jambo lao. Vumbi la kwenye pembe, karibu na kizingiti, ndimo anamokaa tekenya, ambaye wengine humwita funza. Wengi hudhani mdudu huyu ni wa kwetu tangu enzi. Sivyo. Aliletwa Afrika kwa meli kutoka Brazili, akashuka Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha kuvuka bara mpaka pwani yetu. Nyunyizia maji kabla ya kufagia, na fagia pembeni kwanza, si katikati tu panapoonekana.

Kuhusu pazia la mlangoni nitasema wazi, maana nimeliona katika nyumba nyingi. Mtoto akitoka kula hufutia mikono hapo. Mwenye mafua akipenga hulisogeza kwa mkono uleule. Kwa ndani lina maua mazuri, lakini upande wa nje, usawa wa mkono, lina doa jeusi la mafuta. Lifuliwe kila wiki, siyo Krismasi na Pasaka. Likatwe lisiburure chini. Na mchana lifungwe fundo mlango ubaki wazi. Hapa niwaondoe hofu wale wanaouliza kama kifua kikuu huambukizwa kwa pazia. Hakiambukizwi kwa nguo. Huenea kwa hewa, na nyumba iliyofungwa siku nzima ndiyo inayokisaidia.

Komeo, kitasa na swichi ya taa vifutwe kila siku kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kilichokamuliwa vizuri. Kwa swichi, kitambaa kiwe karibu kukauka, kwa sababu ya umeme.

Sasa ufunguo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio kuhusu afya, na vyoo vingi vikachimbwa. Leo katika nyumba zetu za kupanga choo kipo, kina mlango, na mlango una kufuli. Ufunguo umefungwa kwenye kipande cha ndala kuukuu au gunzi la hindi ili usipotee, nao hutundikwa kwenye msumari mlangoni. Fikiri safari yake. Mtu anatoka chooni, anafunga kufuli, anautundika ufunguo, ndipo anakwenda kunawa. Mwenzake anauchukua, anaurudisha. Mikono yote hunawishwa, ila ufunguo haunawishwi kamwe.

Katika kutembelea familia nilifika kwa mama mmoja ambaye mtoto wake wa miezi 11 alikuwa ameharisha mara tatu tangu mvua zianze. Mama msafi. Maji ya kunywa anachemsha, vyombo anaanika kwenye kichanja. Tukiwa tunazungumza, mtoto alitambaa mpaka mlangoni, akauokota ufunguo wa choo ulioanguka, akaanza kutafuna kile kipande cha ndala, maana meno yalikuwa yanaota. Mama akasema, "Huo ndio mwanasesere wake, sista, akinyang'anywa analia." Siwezi kuapa kwamba ndio uliomwambukiza. Lakini watu wa vyumba sita waliutumia ufunguo ule. Na nyumba nyingi husema ni meno yanayoharisha. Meno hayaharishi mtoto. Kinachomharisha ni kile anachotia kinywani wakati fizi zinamwasha.

Mtoto akiharisha, aendelee kunyonya, apewe ORS kila anapoharisha, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akilegea au akiharisha damu, aletwe hospitali siku hiyohiyo.

Katika nyumba yenye mgonjwa wa kuharisha, sabuni ifuatiwe na dawa. Jik ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, pakaa kwenye komeo na ufunguo, acha dakika 10, kisha suuza kwa maji safi, kwani Jik huleta kutu. Uchafu uondolewe kwanza, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya tope. Changanya ya siku hiyo tu, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mvuke wake unaumiza mapafu.

Zile ndoo zenye koki tulizoweka milangoni mwaka 2020 wakati wa Korona, nyingi sasa zimekauka au zimegeuzwa za kuhifadhia unga. Zirudishwe, pamoja na sabuni, lakini ziwekwe karibu na choo, mtu anawe kabla hajafika mlangoni. Koki nayo isuguliwe kwa sabuni wakati wa kunawa. Asiye na ndoo atengeneze kibuyu chirizi, kinachofunguliwa kwa mguu.

Kipande cha ndala na gunzi vitupwe, kwa sababu hunywa uchafu na havioshiki vizuri. Fungeni pete ya chuma, au kifuniko cha plastiki kilichotobolewa, na msumari uwe juu, asipofikia mtoto anayesimama dede. Mahali ambapo wapangaji wana zamu ya kuosha choo, mwenye zamu aoshe na ufunguo na kufuli pia, kwa sabuni, kabla hajamkabidhi mwenzake.