Logbuku ikipotea, je, jina ni lako?

Fikiria hivi. Ni mwezi wa tano, mvua ya masika imeanza. Umetoka Ukunda na abiria hadi gatini Shimoni, pale watu wanapopandia mashua za kwenda Wasini. Unafunua kiti cha pikipiki utoe koti la mvua, unakuta logbuku imelowa hadi maandishi yamefutika. Ama haipo kabisa.

Usihamaki. Logbuku hutolewa nyingine. Swali ni: atapewa nani?

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, humhesabu mtu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari au pikipiki, mpaka ithibitishwe vingine. Sheria hiyo hiyo inatoa siku 14 za kubadilisha jina baada ya kununua.

Sasa tuambiane ukweli. Wengi wetu tunanunua vipi? Pesa mkononi, ufunguo mfukoni, halafu muuzaji anakwambia, "Mambo ya jina tutamaliza baadaye, kaka." Hiyo baadaye haifiki. Miaka miwili inapita, logbuku inapotea, na nambari yake ya simu haipatikani tena. Pikipiki unaendesha wewe, lakini kwenye rekodi ni ya mwenzako. Maombi ya logbuku mpya hufanywa na aliyesajiliwa, si aliyeshika ufunguo.

Kama jina ni lako, fuata hatua hizi.

Kwanza, nenda kituo cha polisi uripoti, upewe abstrakti. Kagua nambari ya usajili na jina kabla hujatoka pale. Kosa dogo litakurudisha.

Pili, ingia eCitizen kwa akaunti yako mwenyewe, fungua huduma za NTSA, uombe nakala mpya ya logbuku. Andaa kitambulisho, PIN ya KRA na picha safi ya abstrakti. Ada utaiona hapo hapo kabla ya kulipa.

Kama imeharibika tu, usitupe vipande. Ndivyo ushahidi wako.

Kama pikipiki ni ya mkopo, anza kwa aliyekukopesha. Mara nyingi jina lake liko kwenye logbuku pamoja na lako, kwa hivyo huwezi kuendelea bila yeye.

Kutoka Shimoni hadi Huduma Centre ya Kwale si mwendo mdogo: Msambweni, Ukunda, Kombani, kisha upande mlima. Hakikisha makaratasi yote yametimia kabla ya kuchoma nauli. Na ukienda saiba kusaidiwa, usimwachie mtu nywila yako. Jihadhari pia na dalali anayekuahidi logbuku "ya leo leo" bila abstrakti. Utalipia karatasi bandia, na kesi itakuwa yako.

Ukishapata mpya, ipige picha, kisha iweke nyumbani mahali pakavu. Chini ya kiti si kabati.

Na kama bado iko kwa jina la aliyekuuzia, mpigie leo, maadamu bado anashika simu. Kubadilisha jina mkiwa mnaelewana ni kazi ya muda mfupi. Kumtafuta mtu aliyehama ni kazi nyingine kabisa.